Pete Nyeupe za Bunduki ya Kwata

Koboko, nyumbani

Mwanangu Khamis,

Sikuulizi hali, maana nakusikia ukikoroma upande wa pili wa ukuta, na kila ukijigeuza kitanda kinalia. Leo jioni nilifungua kinywa mara kadhaa nikuambie jambo. Kila mara kilitoka kikohozi, na kikohozi kilipotulia nilishukuru kwamba kilikuja. Kalamu haikohoi, ndiyo maana nimeishika.

Mambo ya safari sitayagusa. Maji, unga, blanketi na dawa ya mtoto, shemeji yako Mastura ameshavipanga, na njia ya Oraba mpaka kuvuka kuingia Kaya, upande wa Sudani, unaijua kuliko mimi. Nami sisafiri. Kifua hiki hakifiki hata kisimani, na nimekwisha kuwaambia wote kwamba askari wanaokuja kutoka kusini watakuta mzee mmoja kitini na hawatapoteza risasi. Mlidhani natania. Sikuwa natania, lakini si hilo ninalotaka kusema.

Nataka kusema habari ya bunduki uliyoiegemeza nyuma ya mlango.

Jana yule askari aliyekimbia alipoingia uani kwetu akiomba nguo za kiraia, Mastura alifungua sanduku akatoa kanzu ya arusi ya kaka yako Farajalla. Nilinyoosha mkono nimzuie. Akaniambia, "Baba, kanzu haipigi risasi. Acha iende." Yule kijana akaivaa palepale juu ya kaptula yake, akatuachia bunduki na risasi za kujaza mfuko mmoja, akapotelea katika mihogo bila kuaga. Mastura alibaki anaitazama bunduki kama mtu aliyepata mume mpya. Simlaumu. Mjane mwenye binti mdogo, barabarani wakati kama huu, angetazama nini kingine?

Leo ulikaa barazani ukiisafisha kwa kitambaa na kamba, mimi nikiwa kitini. Nikakuambia uiache.

"Niache kwa nini? Njia iko na watu wabaya, Baba. Nitawapiga na fimbo?"

"Bunduki hiyo si nzima, Khamis."

Ukacheka. "Wewe ulikuwa mtu ya stoo, Mzee. Kazi yako ilikuwa kuhesabu, si kupiga. Hii iko mzuri kabisa. Chungulia mtutu, utaona mpaka meno yako, hayo yaliyobaki."

Mastura alicheka, na mtoto akacheka kwa sababu mama yake amecheka. Nilikuwa sijakisikia kicheko hicho muda mrefu. Ndipo ukasema neno ambalo limeninyima usingizi. Ulisema, "Usiogope, Baba. Mimi si Farajalla. Mimi nasafisha."

Mwanangu, Farajalla alisafisha. Mtutu wa Farajalla ulikuwa safi kuliko huo wako.

Sasa nisome polepole, na ukifika mwisho umsomee Mastura kwa sauti. Mimi sikuweza.

Unajua kwamba jeshi la Waingereza lilinichukua kwa sababu nilikuwa nimesoma. Wenzangu wa Koboko waliingia kwa vifua vyao, mimi niliingia kwa mwandiko. Wakanipa ghala la silaha. Kitu cha kwanza nilichofundishwa mle ndani, kabla hata ya kufundishwa kufunga kufuli, kilikuwa kutenganisha bunduki za kupiga na bunduki za kwata. Bunduki ya kwata ni ile iliyozeeka, inayobaki ya kumfundishia kuruta kubeba, kupiga saluti na kugeuka kulia na kushoto. Nyingine zilitobolewa tundu kwenye mtutu, pale risasi inapokaa, na hizo hata mtoto hawezi kudanganyika nazo. Lakini zipo ambazo hazikutobolewa. Chuma chake kimechoka kwa ndani, pengine kina ufa usioonekana kwa jicho. Ukitia risasi inaingia vizuri. Ukisukuma bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi, inafunga vizuri. Kwa nje huoni ila yoyote.

Kwa hiyo zilitiwa alama. Kwenye mbao zilipakwa pete mbili za rangi nyeupe, moja karibu na mdomo wa mtutu, moja kwenye kitako, ili mtu azione akiwa mbali. Na juu ya chuma, hapo juu ya chemba inamokaa risasi, ziligongwa herufi mbili, D na P. Maana yake ni kwamba hii ni ya kwata tu, usiipige kamwe. Rangi ikifubaa, mwenye ghala anapaka upya. Sheria ni hiyo tu, na kwa miaka mingi niliifuata kama sala. Nilikuwa na brashi yangu ya mkia wa ng'ombe, na ungeona jinsi pete zangu zilivyonyooka.

Kisha mtu wetu akaichukua nchi, mwaka wa sabini na moja. Ulikuwa mdogo lakini unaikumbuka furaha ile, kwa sababu hukuacha kuisimulia. Watu wa Koboko waliokuwa wakiitwa wa porini wakawa wanaitwa afande. Vijana waliingia kambini kama maji. Bunduki mpya hazikuwa zimefika, na katika vurugu hiyo tukaambiwa kuna mgeni mkubwa anakuja Arua, na kambi yetu itapita mbele yake kwa gwaride.

Meja wetu, sitamtaja jina, aliingia ghalani akapita mbele ya rafu. Akasimama mbele ya zile zenye pete nyeupe. Ubavuni mwake alikuwapo karani wake, mtu wa kuchekacheka.

"Hizi nini, zimevaa bangili?" Meja akauliza.

Karani akaangua kicheko. Nikaeleza kwamba ni za kwata, afande, haziruhusiwi kupigwa.

"Nani amesema zitapigwa? Zitabebwa. Mgeni akiona bangili atasema sisi iko na jeshi ya harusi. Toa."

Hapo ndipo nilipaswa kusema neno. Ningesema tu kwamba rangi ikitoka, hakuna atakayezijua tena. Lilikuwa neno dogo, la kazi yangu, wala hakuna mtu ambaye angeniua kwa neno hilo siku zile za mwanzo. Lakini Meja alikuwa hajanitazama usoni tangu afike kambini, na siku hiyo alinitazama. Alisema, "Wewe umesoma. Utajua njia." Nikasema, "Ndiyo, afande." Nikasema haraka, kama mtoto wa shule aliyejua jibu kabla ya wenzake.

Na njia nilijua. Hakuna aliyenifundisha; niliibuni mwenyewe. Rangi nyeupe tuliikwangua kwa vigae vya chupa, kisha mbao tukazipaka mafuta na moshi mpaka zikafanana na nyingine. Herufi za chuma hazikwanguliwi, zimeingia ndani. Basi niliyeyusha nta ya nyuki, nikachanganya na masizi ya sufuria na rangi nyeusi ya viatu, nikaipaka kwa kidole gumba herufi kwa herufi, nikafuta juu. Huwezi kuziona. Nilifurahia kazi ile, Khamis. Nilikuwa naimba.

Gwaride unalikumbuka. Ulikaa mabegani mwangu, mama yako, Mungu amrehemu, akipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, na umati kutoka Onduparaka na Manibe ukijipanga pande mbili za barabara. Ulinivuta masikio ukisema, "Baba, bunduki zote za kwetu?" Nikakujibu kwamba zote ni zetu. Mara nyingi umeniambia kwamba siku hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote ulizowahi kuziona. Sikuwahi kukuharibia. Baada ya gwaride niliongezwa cheo, na mabati haya yaliyo juu ya kichwa chako yaliingia nyumbani mwaka uleule.

Nilikusudia kuzirudishia pete zake. Nilikuwa na rangi, nilikuwa na brashi. Lakini Meja alipenda kupita ghalani na wageni wake kuwaonyesha rafu zilizojaa, na kila nilipofikiria kupaka nilimwona akisimama tena mbele ya zile bangili. Nikaahirisha. Wakati huo vijana wapya wakawa wanachukua na kurudisha ovyo, leo rafu hii, kesho ile, mpaka za kwata na za kupiga zikachanganyika. Mimi nilizijua kwa kidole tu. Ukipitisha kidole gumba juu ya chuma, penye nta pana ulaini kidogo, kama kovu lililopona.

Farajalla aliingia jeshini bila kuniuliza. Alikuwa ameshaoa, Mastura alikuwa mjamzito. Alinijia kambini akiwa amenyolewa kichwa, akasimama mbele ya dirisha la ghala, akanipigia saluti huku akicheka. Nilimkaripia mbele ya watu na nilipofunga dirisha nikacheka peke yangu kwa fahari.

Siku ya kulenga shabaha lori lilikuwa limeshawashwa. Kuruta wamepanga foleni dirishani, mimi natoa bunduki moja moja, Meja amesimama nyuma yangu ndani ya ghala, anapigapiga kiatu sakafuni. Farajalla akafika. Nikachukua bunduki iliyofuata kwenye rafu, nikampa, na katika kumpa kidole changu kikapita juu ya chuma.

Palikuwa na ulaini.

Mikono yetu miwili ilikuwa kwenye bunduki ile pamoja. Yeye alivuta, mimi sikuachia. Akanitazama akidhani ni utani. "Baba, toa basi, watu nangoja." Wa nyuma yake wakacheka, mmoja akasema, "Mzee iko naogopa mtoto wake atapoteza mali ya serikali." Meja akasema, "Haraka huko mbele!"

Nikaachia.

Nimeishi na kitendo hicho miaka yote hii na nimekitafutia majina mengi. Nilijiambia kwamba sikuwa na hakika, huenda ulikuwa ulaini wa mafuta tu. Nilijiambia kwamba bunduki chakavu nyingi hupiga risasi na hazipasuki. Yote mawili ni kweli, na yote mawili niliyafikiria baada ya kuachia, si kabla. Kabla ya kuachia nilifikiria kitu kimoja tu, kwamba nikisema bunduki hii ni ya kwata Meja atauliza kwa nini haina alama, na itabidi nimkumbushe mbele ya kuruta kwamba ni yeye aliyeagiza na ni mimi niliyetekeleza. Niliogopa aibu ya dakika moja. Watu husema tulinyamaza miaka hii kwa kuogopa kufa. Wengine ndiyo, na Mungu anawajua. Mimi nilinyamaza kwa kuogopa kuonekana mpumbavu.

Lori lilirudi kabla ya adhuhuri. Ilipasuka mikononi mwake kwa risasi ya kwanza. Bolti ilirudi nyuma. Zaidi ya hapo Mastura anajua, yeye ndiye aliyeuosha uso ule, wazee wakimzuia naye akikataa kuzuiwa.

Sasa naandika lile ambalo hata Mastura halijui.

Kulikuwa na baraza la kuuliza. Meja alikaa katikati. Aliniuliza maswali kama mtu anayemvusha kipofu barabara, akinionyesha pa kukanyaga. "Bunduki ilitoka ghalani ikiwa nzima?" Nikasema, ndiyo, afande. "Sasa inawezekana kuruta aliegemeza mdomo chini, matope yakaingia?" Nikasema inawezekana. "Mtutu ukiwa na matope unapasuka?" Nikasema unapasuka. "Kwa hiyo ni uzembe wake?"

Khamis, mwili wa kaka yako ulikuwa bado haujaingia udongoni. Nikasema, "Ndiyo, afande. Ni uzembe wake."

Ndiyo sababu hakuzikwa kwa mizinga. Ndiyo sababu Mastura hakupata chochote kutoka jeshini isipokuwa viatu vyake. Ndiyo sababu kila kundi la kuruta waliofuata walisimamishwa juani wakaambiwa wasiwe kama Farajalla wa matope. Na wewe ulirudi kutoka shule na shati limechanika, mdomo unatoka damu, kwa sababu watoto walikuwa wanakuita ndugu ya matope. Uliniuliza, "Baba, ni kweli hakusafisha?" Nilikuwa nakula. Nilimeza tonge, nikakuambia, "Kaka yako hakuwa mwangalifu." Tangu siku hiyo ukawa mtu wa kusafisha. Panga lako, baiskeli yako, kucha zako. Nilikutazama miaka yote ukijiosha uchafu ambao mimi ndiye niliyeupaka.

Baada ya mazishi nilizitafuta bunduki nyingine zenye nta kwa kidole, nikawa nazificha nyuma ya rafu kila nilipopata moja. Kuzipaka pete nyeupe ilikuwa sawa na kukiri, kwa hiyo nilizificha. Kisha kifua kikanirudisha nyumbani, ghala likapewa mtu mwingine, naye hakuambiwa kitu. Mwaka huu, mambo yalipoharibika, kila rafu ilitolewa nje, mbele na nyuma, akapewa bunduki yeyote mwenye mikono.

Mmojawapo amepita kwetu jana akaondoka na kanzu ya Farajalla.

Ulipokwenda kuoga niliinuka nikaishika. Bolti umelala nayo chini ya mto, najua, na ni vyema, sikutaka kukuibia. Nilihitaji kidole tu. Ulaini upo palepale. Nikachukua sindano ya Mastura nikachokoa. Masizi yalitoka kwanza, kisha nta yangu, imekuwa ngumu kama ukucha. Herufi ziko ndani kama nilivyoziacha. Asubuhi usiniamini mimi, sina haki ya kuaminiwa. Ichukue nje kwenye mwanga, uzisome mwenyewe.

Siwezi kukudanganya kwamba njia ni salama bila silaha. Si salama. Sina bunduki nyingine ya kukupa, wala sina mtu barabarani wa kukupokea. Huenda mkakutana na watu wabaya na ukaulaani usiku huu na mimi pamoja nao. Lakini ukiinua hii begani, Mastura atakuwa nyuma yako na mtoto mgongoni mwake, na kitakachorudi nyuma hakitachagua uso.

Ningeweza kukuusia mambo mengi, kwa kuwa nimesoma na nimezeeka. Ninapoyapanga yanakuwa maneno ya mtu aliyefanya mambo vizuri, na sikufanya. Ninalolijua kwa hakika ni dogo. Kuna siku mkono wako utakuwa umeshika kitu na utajua. Hutahitaji baraza wala ushahidi, utajua kwa kidole. Siku hiyo usiachie. Waache wakucheke, waache walio nyuma ya foleni wapige kelele.

Mastura akitaka kuja chumbani kwangu kabla hamjaondoka, mlango uko wazi. Asipotaka, mpite uani moja kwa moja, sitaita. Binti yake akikua mwambieni kwamba baba yake alikuwa mtu msafi. Mwambieni pia ni nani aliyesema vingine.

Lile kopo la chokaa lililobaki mlipopaka kaburi la kaka yako lilikuwa bado chini ya kitanda changu. Nimeikoroga na maji kidogo. Brashi ile ya mkia wa ng'ombe ilikwisha kuliwa na mende, kwa hiyo nimetumia kitambaa chako cha kusafishia, nisamehe, kimechafuka. Pete ya kwanza nimeiweka karibu na mdomo wa mtutu, ya pili kwenye kitako. Hazikunyooka. Zamani ningeona haya kuitoa ghalani bunduki yenye pete kama hizo.

Bado ni mbichi. Kufikia alfajiri zitakuwa zimekauka.

Baba yako, na baba yake Farajalla